Ubao Wenye Njaa

Jua lilikuwa linazama Justa alipoteremka kijitoni kuchuma majani ya msasa. Mgongoni alimbeba Grasiana, bintiye wa miezi minne, na mkononi alikuwa na kapu tupu. Mumewe, Fabiani, alikuwa seremala, na kazi nyumbani kwao iligawanyika hivi: mume hupasua na kupiga randa, mke husugua na kupaka nta. Msasa wa karatasi ulikuwa haujaonekana madukani Handeni tangu mwaka uliopita, lakini majani ya mti wa msasa yalikuwapo bure, yakikwaruza kama ulimi wa paka. Ukiyatumia kwa subira, ubao unang'aa mpaka unaona pua yako.

Alichuma kapu likajaa, akapanda kurudi. Alipobakiza hatua kama thelathini kufika nyumbani, harufu ikamfika.

Maziwa yaliyochacha.

Si harufu ya mtindi. Mtindi una utamu wake. Hii ilikuwa harufu ya shingo ya mtoto aliyecheua, maziwa yakaingia kwenye mikunjo ya ngozi, yakakaa humo siku tatu bila kuoshwa. Justa alimteremsha Grasiana, akamnusa shingoni, akapitisha kidole chini ya kidevu. Pakavu. Mtoto alinukia sabuni.

Harufu ilitoka bandani, kwenye ubao mpya wa Fabiani.

Huo ulikuwa mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya watu wa vitongoji vya huku kuhamishwa na kupangwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa cha Kwalugulu, nyumba kwa mistari, kila mlango ukitazama barabara. Fabiani na Justa hawakuwa Wazigua. Walikuwa wa Kilole, Korogwe, wote wawili watoto wa wakata mkonge, na Fabiani aliitwa Kwalugulu awe fundi wa kijiji. Zahanati ilikuwa inaezekwa. Athuman, katibu wa kijiji, alitaka kitanda cha kuzalishia kabla ya sherehe za Sabasaba.

"Ubao mmoja mpana, fundi," alimwambia. "Usio na kiungo. Damu isipate pa kujificha."

Ubao mpana hivyo ulitaka mti mkubwa. Na mti ulikuwapo: mvule ulioanguka kwenye kitongoji kimoja kilichohamwa, umelala pale misimu miwili ya mvua, na hakuna aliyekata hata tawi la kuni. Fabiani hakuuliza kwa nini. Gogo la mvule, bure, nani angeuliza? Alikodi ng'ombe wa kulikokota, akachimba shimo la kupasulia nyuma ya nyumba, akamwita rafiki yake Lukasi kutoka Manundu wavute msumeno, yeye akiwa juu ya gogo na Lukasi chini shimoni.

Siku ya kwanza msumeno uligonga kitu kigumu ukalia *krrr*. Fabiani akacheka. Mvule huwa na mawe ndani, alisema, kila mpasuaji anajua. Wakaendelea. *Krrr*, tena. Halafu Justa akamwona Lukasi akitoka shimoni, uso mzima mweupe. Alidhani ni unga wa mbao. Haukuwa unga. Ni uteute mzito, vuguvugu, uliomtiririka kwenye nyusi, ukaingia puani na mdomoni. Lukasi aliinama akatapika mpaka akakaa chini.

"Utomvu," Fabiani alisema. "Mvule si una utomvu?"

"Gogo la misimu miwili?" Lukasi alifuta ulimi kwa shati. "Utomvu ni mchungu. Huu ni mtamu, Fabiani. Na kuna kitu kingine..." Akapunguza sauti. "Huku chini msumeno hauvutwi. Unanyonywa."

Walimaliza kwa sababu Lukasi aliona aibu kumwacha rafiki yake katikati ya kazi. Moyo wa gogo kwa sehemu kubwa ulikuwa umeoza. Ukatoka ubao mmoja tu wa maana, mrefu kama mtu aliyelala na mpana kama mlango. Lukasi aliondoka asubuhi ya pili yake bila kunywa chai.

Sasa ubao ulikuwa juu ya vigingi bandani, umekwisha kupigwa randa, ukimngojea Justa.

*

Alianza kusugua kesho yake asubuhi. Alikuwa amemlaza Grasiana kwenye mkeka mlangoni. Alichovya jani kwenye maji, akaliweka juu ya ubao, akasugua kwa kufuata nyuzi za mti. Ubao ulikuwa na joto. Alidhani ni jua, lakini jua lilikuwa halijaingia bandani.

Kila aliposugua, utando mwembamba ulitokea juu, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakaanza kupoa. Uling'ang'ania vidole. Justa aliukung'uta, ukaning'inia kuchani ukitikisika. Alijifuta kwenye kanga, akakunja uso, akaendelea. Kazi ni kazi.

Baada ya muda alihisi kifua kimelowa.

Alitazama chini. Maziwa yalikuwa yanamtoka. Si matone ya mama aliyechelewa kunyonyesha. Yalikuwa yanachuruzika matiti yote mawili, yanapenya gauni, yanadondokea ubao. *Ta. Ta. Ta.* Na pale yalipodondoka hapakubaki alama. Ubao ulikuwa umeyameza.

Justa alirudi nyuma. Maziwa yakakoma.

Akasogea tena, hatua moja tu. Yakaanza.

Mchana huo Grasiana alinyonya, akaachia, akalia. Akanyonya tena, akakataa kwa hasira. Titi lilikuwa limelegea kama soksi. Jioni ilikuwa hivyohivyo. Justa alikunywa uji wa karanga, akanywa supu ya kuku, lakini asubuhi alipoingia bandani kuchukua kapu lake tu, kifua kikatoa kila tone kililolikusanya usiku kucha, na mtoto akakosa.

"Ni uchovu," Fabiani alisema. Alikuwa mtu mwema ila mbishi. "Pumzika siku mbili. Lakini Athuman alipita leo, na Sabasaba ni wiki ijayo."

"Njoo uguse ubao wako."

Aliugusa. Mkono wake ulipoondoka ulitoa sauti ndogo, kama midomo inayoachana. Fabiani alijifuta kwenye suruali, akajifuta tena.

Siku ya tatu Justa aliona yale mawe. Nyuma ya utando, ndani ya nyuzi za mti, palikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama punje za mchele. Vilikuwa vimekaa viwiliviwili. Jozi hapa, shubiri mbili mbele jozi nyingine. Alichukua kisu akachokonoa jozi moja. Ikatoka kwa urahisi mno, ikiwa na kamasi nyeupe, kama vile haikuwa ndani ya mbao bali ndani ya ufizi.

Aliviosha vile vitu kwenye kata ya maji, akaviweka kiganjani.

Meno.

Meno mawili ya mtoto mchanga.

Alijibana mdomo kwa mkono, lakini mkono ulinuka maziwa yaliyochacha, na matapishi yakapita katikati ya vidole.

*

Nyumba ya nne kutoka kwao aliishi Bibi Mwaija na mwanawe Sadala na mkwewe Mwantumu. Bibi Mwaija alikuwa amepita miaka sabini, hana jino hata moja, na kabla ya watu kuhamishwa alikuwa mkunga wa kitongoji kile kile ulikotoka mvule. Mama waliokaukiwa maziwa walimwendea yeye. Justa alikwenda na mtoto mgongoni, na meno ameyafunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mbona amekonda?"

"Maziwa yamenikimbia, bibi. Na nimeokota hiki." Akafungua pindo.

Bibi Mwaija alitazama. Hakuyagusa. Alimwambia Mwantumu, aliyekuwa akipepeta mahindi uani, aende kisimani. Mwantumu alitaka kusema kuwa maji yapo, akaona uso wa mkwewe, akachukua ndoo akaondoka.

"Wapi?" bibi alinong'ona.

"Kwenye ubao. Ule mvule."

"Mlioupasua ni ule?" Kuku alipita kati yao. "Niliambiwa wamekata mti wa mtoni. Sikuambiwa ni ule..."

"Haya ni meno ya nani, bibi?"

"Ya juu." Bibi Mwaija aligusa ufizi wake mtupu kwa kidole. "Mtoto huota meno ya chini kwanza. Zamani, akianza ya juu, alikuwa kigego. Walisema ukimwacha akakua, ukoo wake utakwisha. Mkunga ndiye aliyekuwa akitia kidole mdomoni kutazama. Mkunga ndiye aliyesema."

Justa alimvuta Grasiana kutoka mgongoni, akampakata mbele, karibu kabisa na tumbo.

"Mvule ule ulikuwa na tundu, kimo cha kifua," bibi aliendelea, sauti yake haipandi wala haishuki. "Nilimtia humo, nikaziba kwa udongo na majani, nikarudi bila kugeuka. Siku ya kwanza unamsikia. Siku ya pili unamsikia. Ya tatu unanyamaza mti. Hawakuchinjwa, mwanangu. Ilikuwa njaa tu. Baadaye mti ukanenepa, ukafumba tundu lake."

"Wangapi?"

"Tisa." Akatazama mlango. "Wa nne nilimzaa mimi."

Kilichomchukiza Justa zaidi ni kwamba bibi mwenyewe hakulia. Alikuwa amekaa tu, mikono juu ya magoti, mikono ileile.

"Nani alisema lazima wafe?"

"Wote walisema. Na mimi nilisema." Bibi Mwaija akasimama kwa kushika ukuta. "Usiingie tena bandani. Usimpeleke mtoto karibu. Nitakuja jua likishuka."

*

Alikuja kweli, peke yake, amejitanda kanga mbili. Fabiani alikuwa ofisini kwa katibu. Bibi hakuomba kiti wala maji. Alisema tu, "Nifungie mlango kwa nje," akaingia bandani.

Justa alifunga mlango, akasimama. Aliambiwa asikaribie, lakini banda lilikuwa la miti isiyokandikwa, na mwanga wa jioni ulipenya humo. Akatazama.

Bibi Mwaija alikuwa amefungua kanga ya juu. Matiti yake yalikuwa marefu, membamba, yamekunjamana kama mifuko iliyokamuliwa. Alipanda juu ya ubao kwa shida, goti moja, kisha la pili, akalala kifudifudi. Akajisogeza, kama mama anavyojisogeza kitandani kumtafutia mtoto nafasi.

"Haya," alinong'ona. "Haya... mmojammoja. Msisukumane."

Kimya kidogo.

Halafu ikaanza sauti.

*Nchwa. Nchwa. Nchwa.*

Kila mama anaijua sauti ile. Ulimi mdogo, koo dogo, pumzi fupi puani katikati ya mafundo. Lakini haikuwa moja. Zilikuwa nyingi, zimepishana, moja ikimeza nyingine ikivuta, na chini yake mkoromo wa raha. Ubao ulikuwa ukitokwa povu pembeni mwa kifua cha bibi, povu jeupe lenye nyuzinyuzi, likitiririka kwenye vigingi mpaka sakafuni. Harufu ikamjia Justa kana kwamba mtu amemfunulia nepi usoni. Bibi Mwaija alikuwa ameuma kanga. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejikunja.

Justa alikimbilia ndani, akaziba masikio ya Grasiana. Si yake. Ya Grasiana.

Bibi aliporudi mlangoni kugonga, giza lilikuwa limeingia. Alitoka amejitanda vizuri. Mkononi alikuwa na jozi tatu za meno, safi, kavu.

"Wenyewe wameyatema," alisema. "Kesho nitakuja tena."

Alikuja kesho yake. Akatoka na jozi nyingine tatu, na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani hata kanga haikuweza kuficha. Alitembea akishika kuta za nyumba za watu. Usiku huo titi la Justa lilijaa, na Grasiana akanyonya mpaka akalala mdomo wazi. Fabiani aliona yote mawili, mtoto aliyeshiba na bibi aliyekuwa akififia, na kwa mara ya kwanza hakubisha.

"Tumzuie?" aliuliza.

Justa alimtazama mtoto wake. "Sijui," alisema. Alikuwa anajua. Hakutaka azuiwe.

Jioni ya tatu Bibi Mwaija alisita mlangoni mwa banda. Alimwita Fabiani. "Fundi, ubao huu usiende zahanati. Asizaliwe mtu juu yake. Mimi nikifukiwa, unifunike nao."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Akaingia. Ile sauti ikaanza, ikaenda, ikaenda... ikapungua. Ikabaki moja. Ilikuwa dhaifu kuliko zote zilizotangulia, polepole, kama ya mtoto aliyengoja zamu yake mpaka akachoka. Kwa mara ya kwanza Justa alimsikia bibi akilia.

Kisha kimya.

Fabiani aligonga. Akagonga tena. Akafungua.

Alikuwa amekufa, kifudifudi, mikono imekumbatia ubao. Walipotaka kumwinua hakuinuka. Ngozi ya kifua ilikuwa imeshikana na mbao. Fabiani alilazimika kupitisha vidole chini yake na kumbandua pole pole, kama mtu anayebandua ukoko chunguni, na sauti uliyoitoa ubao ulipoachia ilimfanya mwanamume yule atoke nje akishika ukuta. Kifua cha bibi kilikuwa na alama za mviringo, nyekundu, kila moja ukubwa wa shilingi. Zilianzia shingoni zikashuka mpaka kitovuni. Kiganjani alikuwa na jozi mbili za meno.

Justa alimfunika kwa kanga kabla ya kwenda kumwita Sadala. Alimwambia kuwa bibi alikuja kumletea dawa ya maziwa, akaanguka. Hakusema zaidi. Meno yote, jozi tisa pamoja na ile aliyoichokonoa mwenyewe, aliyafunga kwenye pindo la kanga ya marehemu, akalikaza fundo mara mbili.

*

Walimzika mchana wa siku iliyofuata. Fabiani aliukata ubao vipande vya kuzibia mwanandani kaburini. Unga wake ulikuwa mkavu, wa manjano, unanukia mvule na si kitu kingine. Msumeno haukugonga jiwe hata moja. Athuman aliambiwa ubao ulipasuka, akanuna, akakubali kitanda cha mbao za mninga zilizounganishwa.

Justa alipiga deki bandani kwa majivu na maji ya moto mara tatu. Siku zikapita. Harufu ilikuwa imekwisha. Grasiana alianza kunenepa, akawa na mikunjo mapajani. Mtu angeweza kusema mambo yameisha.

Siku ya nane Mwantumu, mkwe wa marehemu, alikuja na sahani ya ubwabwa wa msiba. Alimkuta Justa kizingitini akinyonyesha. Walisalimiana, wakapeana pole. Mwantumu alikaa, lakini hakutulia. Macho yake yalirudi kwa mtoto kila mara.

"Anapata?" aliuliza.

"Sasa anapata."

"Mama Grasiana, nataka kukuambia jambo, usilitoe nje." Mwantumu alitazama barabarani, akasogea. "Sisi tuliomwosha bibi tulikuwa watatu. Zile alama tuliziona. Tukasema ni ugonjwa, tukanyamaza. Lakini maji... tulimaliza ndoo nne. Kila tukimfuta kifua, yanatoka tena."

"Nini kinatoka?"

"Maziwa."

Justa alivuta kanga juu ya kifua chake.

"Bibi wa miaka sabini na kitu. Amekwisha kuwa baridi, miguu imekaza. Na maziwa yanamtoka, meupe, ya moto. Ya moto, mama Grasiana! Tukaweka pamba, ikalowa. Tukamvika sanda, ikalowa. Mwisho tukafunika jeneza haraka, wanaume wasione. Na pale makaburini, walipomshusha..." Akatazama tena barabarani. "Nilikuwa mbali na wanawake wenzangu, pengine nilisikia vibaya. Lakini walipokuwa wakipanga zile mbao zenu juu yake, kabla ya udongo, nilisikia kitu chini. Kama mtoto anayemeza."

Grasiana alikuwa amefumba macho, amekwisha kulala, lakini mdomo wake ulikuwa bado unavuta. *Nchwa. Nchwa.* Povu dogo jeupe lilikuwa limejikusanya pembeni mwa midomo yake.

Justa alilitazama lile povu. Lilikuwa kama lile la kwenye ubao.

Alitia kidole mdomoni mwa mtoto, akamtoa titini, akamkabidhi Mwantumu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akashika ukuta, akatapika mpaka hakubaki na cha kutapika. Aliporudi, mtoto alikuwa ameamka na anamtafuta kwa mikono miwili. Justa hakumpokea. Aliingia jikoni akawasha moto wa uji.

Grasiana alilia siku ile, na siku ya pili. Majirani walimsikia. Siku ya tatu alinyamaza, akazoea kijiko.